Gari Livutwalo na Gari Lisukumwalo

Mwanzoni mwa masika ya mwaka 2023 mjukuu wangu alinijia hapa Misunkumilo na swali ambalo nililiona jepesi. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka kadhaa kutokana na biashara ya mpunga na mahindi, na sasa alitaka kununua gari. Magari mawili yalikuwa yamebaki katika uchaguzi wake, yote ya Toyota na yote yaliyokwisha kutumika Japani: IST, ambalo huvutwa na magurudumu ya mbele, na Altezza, ambalo husukumwa na magurudumu ya nyuma. "Babu," akaniuliza, "wewe umefuatilia mashindano ya magari tangu zamani. Hapa gari la kweli ni lipi?"

Sikufikiri mara mbili. Nilimjibu kwa sauti ile ile niliyoitumia darasani kwa zaidi ya miaka thelathini. Gari la kweli, nilimwambia, husukumwa kutoka nyuma, na katika historia yote ya Safari Rally hakuna gari la kuvutwa kwa mbele lililopata kushinda. Kijana akaamini. Mwalimu akisema, na mwalimu huyo akiwa ndiye babu yako, utambishia vipi? Akanunua Altezza.

Jibu langu lilikuwa na makosa mawili. La kwanza lilikuwa kosa la historia, nami ni mtu niliyelipwa mshahara kwa kufundisha historia. La pili lilikuwa kosa la busara, na hilo ndilo lililotufikisha mtaroni. Nitayaeleza yote mawili.

Imani yangu ilizaliwa wakati wa Pasaka ya mwaka 1971, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu. Mkufunzi wetu mmoja alikuwa na redio, nasi tulijazana barazani kwake kusikiliza matokeo. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalizunguka katika nchi zetu tatu za Afrika Mashariki. Hayakupata kufika Mpanda. Lakini kijana haihitaji barabara ipite kwao ili aipende. Mwaka ule Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Wa tatu alikuwa Bert Shankland kwa Peugeot 504, naye alikuwa akiishi Tanzania, kwa hiyo tulimshangilia kama wetu. Magari yote matatu yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikajiwekea kanuni moyoni, na kanuni ikakaa humo miaka hamsini na ushei bila kukaguliwa.

Nilipolazimika kuikagua, nilipitia orodha ya washindi mwaka kwa mwaka. Sikwenda mbali kabla ya kukutana na aibu yangu. Mwaka 1956 washindi walikuwa Eric Cecil na Tony Vickers, na gari lao lilikuwa DKW kutoka Ujerumani. Injini yake ilikuwa ya silinda tatu, ya aina ile inayochanganya oili ndani ya petroli kama pikipiki zetu za zamani, na nguvu yake yote ilikwenda kwenye magurudumu ya mbele. Basi gari la kuvutwa lilikwisha kushinda Safari miaka 15 kabla ya mimi kukaa kwenye ile baraza. Je, wanafunzi wangapi niliwaambia kinyume chake? Sina hesabu.

Baada ya DKW likaja gari ambalo kwa haki lilistahili kuwa mfano wangu, kama ningelijua. Hilo ni Saab 96 ya Sweden. Waswidi waliiga injini ya DKW walipoanza kutengeneza magari, na hata Saab 96, lililotoka mwaka 1960, lilikuwa na silinda tatu za ujazo wa sentimita za ujazo 841 tu, yaani chini ya lita moja. Leo magari mengi hapa mjini yana injini kubwa kuliko ile. Hata hivyo, Erik Carlsson alilichukua gari hilo akashinda nalo mashindano makubwa ya Uingereza miaka mitatu mfululizo, 1960, 1961 na 1962, kisha akashinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963. Katika Safari ya mwaka 1962, Pat Moss, mwanamke Mwingereza ambaye mwaka uliofuata aliolewa na huyo Carlsson, alimaliza wa tatu akiwa na Saab. Na mwaka 1964 Carlsson mwenyewe alimaliza wa pili, akiwa na Gunnar Palm.

Kuna kisa cha mwaka huo wa 1964 ambacho hakichoki kusimuliwa. Saab ilizama topeni, na hapakuwa na watu wa kuisukuma. Carlsson, ambaye alikuwa jitu la mwili, akaishika na mwenzake wakaibiringisha juu ya paa hadi ikasimama mahali pakavu, wakaondoka. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, akalibiringisha tena mbele ya macho yao. Gari jepesi lina faida zake, ambazo hazionekani katika takwimu za kiwandani.

Sasa tuliweke gari hilo la zamani ubavuni mwa mrithi wake wa kisasa wa wakati ule, Datsun 240Z. Pale ambapo Saab ilikuwa na silinda tatu, Datsun ilikuwa na sita. Injini yake ilikuwa ya takriban lita mbili na nusu kasoro kidogo, karibu mara tatu ya ile ya Saab. Lilikuwa gari la michezo hasa, lenye viti viwili, pua ndefu na mgongo ulioinama. Injini ilikaa mbele, lakini nguvu yake ilisafiri kwa propela chini ya sakafu hadi kwenye difu na magurudumu ya nyuma. Lilishinda mwaka 1971, na likashinda tena mwaka 1973, safari hii kwa mkono wa Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana pointi na Harry Källström na kuhitaji kanuni ya ziada ili mshindi apatikane.

Ukitazama matokeo peke yake utasema mpya lilimshinda mzee. Lakini mwalimu mzuri huuliza kwa nini, na hapa ndipo nilipokuwa mvivu miaka yote.

Gari la kuvutwa hubeba injini juu ya magurudumu yale yale yanayofanya kazi. Uzito wa injini huyakandamiza ardhini, hivyo katika utelezi tambarare hushika vizuri. Tena hufuata pua yake. Dereva akizidisha mwendo kwenye kona, gari hukataa kukunja na kwenda mbele zaidi ya alivyotaka, na akipunguza mafuta, aghalabu hurudi njiani. Ni gari linalosamehe. Lakini magurudumu yake ya mbele yana kazi mbili, kuvuta na kukunja, na mtumishi wa mabwana wawili huchoka mapema. Viungo vya ekseli zake, ambavyo mafundi wetu huviita sivi jointi, ndivyo hupokea kipigo chote cha mawe na mashimo. Na likikutana na mlima mkali, uzito huhamia nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa, nayo huanza kuzunguka bure.

Gari la kusukumwa liko kinyume. Mlimani, au likiwa na mzigo nyuma, ndipo hushika zaidi. Kwa sababu hiyo Peugeot 404, ambayo watu wetu waliiita Pijo, ilikuwa na heshima kubwa katika barabara zetu za vumbi. Ilibeba abiria na magunia kupita kiasi, na kadiri ilivyolemewa ndivyo ilivyozidi kukanyaga. Ilishinda Safari mara nne: mwaka 1963, ambapo magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, kisha 1966 na 1967 kwa mkono wa yule yule Shankland, na mwaka 1968. Ekseli ya nyuma ya namna ile ni imara, na fundi yeyote aliijua. Zaidi ya hayo, magurudumu ya mbele yakiachiwa kazi ya kukunja tu, injini inaweza kuongezwa nguvu bila usukani kupigana na dereva. Ndiyo maana nguvu zilipokua kutoka farasi makumi hadi mia na zaidi, washindi walikuwa wa kusukumwa. Gari la kuvutwa halikuwa limekufa, kwani mwaka 1974 Sandro Munari alimaliza wa tatu kwa Lancia Fulvia, ambayo huvutwa kwa mbele. Lakini zama zilikuwa zimegeuka.

Ila gari la kusukumwa lina sharti moja. Likiwa tupu, na barabara ikiwa na utelezi, mkia wake ni mwepesi na una nguvu. Ukikanyaga mafuta ungali kwenye kona, mkia hutaka kuipita pua. Herrmann na Mehta waliujua mkia huo kama mchungaji anavyomjua fahali wake, na waliutumia kugeuza gari. Gari lao lilishinda likiwa na mikono yao. Hilo nililisahau kumwambia mjukuu wangu.

Na hata ushindi wa kusukumwa haukudumu. Mwaka 1986 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica ya magurudumu ya nyuma, na mwaka uliofuata Hannu Mikkola akashinda kwa Audi inayoendeshwa na magurudumu yote manne. Tangu hapo, Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia, wanaovuta na kusukuma kwa pamoja ndio wametawala. Kumbe kanuni yangu ya mwaka 1971 ilikuwa na umri wa miaka 15 tu mbele yake, na nyuma yake ilikwisha kuvunjwa na DKW.

Nirudi nyumbani. Mwezi wa Aprili mwaka ule, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, mjukuu wangu alitoka mjini kuja kunisalimu. Lami aliipita salama. Alipoingia katika njia yetu ya udongo mwekundu, gari likiwa tupu, na yeye akiwa kijana mwenye gari jipya machoni pake, akakanyaga mafuta kwenye kona ya mwisho. Mkia ukaondoka. Nilisikia kishindo nikiwa barazani. Nilipofika, Altezza ilikuwa imelala ubavu ndani ya mtaro, na yeye alikuwa ametoka kupitia dirishani, damu ikimtiririka kwenye paji la uso. Hakuvunjika popote, Mungu ashukuriwe. Lakini katika zile hatua mia moja za kutoka barazani hadi mtaroni, nikikimbia kwa miguu isiyokimbia tena, nilikuwa na wazo moja tu: mimi ndiye niliyemnunulia gari hili kwa mdomo.

Yeye hakunilaumu. "Shikamoo, Babu," alisema, kana kwamba amefika kwa njia ya kawaida. Salamu ile ilinichoma kuliko ambavyo lawama ingenichoma.

Tulipokuwa tukingoja watu wa kuja kulinyanyua gari, jirani yetu mmoja, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, alifika na IST yake. Mbele ya nyumba yake kuna kilima kifupi chenye utelezi. Alijaribu kukipanda, magurudumu ya mbele yakazunguka bure, kama kitabu kinavyosema. Basi akageuza gari pale chini, akatia gia ya nyuma, akakipanda kinyumenyume taratibu hadi mlangoni. Uzito ulikuwa umerudi juu ya magurudumu yanayofanya kazi. Sidhani kama aliwahi kusikia habari za Carlsson au DKW. Alijua gari lake linaweza nini na haliwezi nini, akaipanga safari yake kwa kufuata hilo.

Nilimwangalia nikaona somo ambalo nilipaswa kulitoa. Kijana aliponiuliza lipi ni gari la kweli, nilipaswa kumuuliza maswali kabla ya kumpa jibu. Utapita wapi? Utabeba nini? Nani atakuwa kwenye usukani, na amejifunza kwa muda gani? Badala yake nilimpa orodha ya mabingwa, tena orodha yenyewe haikuwa kamili. Historia ya washindi hutueleza nani alifika kwanza katika barabara fulani, mwaka fulani, kwa mikono fulani. Haituambii sisi tupande nini kesho asubuhi.

Altezza ilinyooshwa, na mjukuu wangu bado analo. Hakutaka kuliuza, nami sikumshauri tena. Wakati wa mvua huweka magunia mawili ya mchanga kwenye buti, na kwenye ile kona huondoa mguu kwenye mafuta mapema. Hilo hakulisoma popote, na mimi sikumfundisha. Kila nimsikiapo akiikaribia kona, muziki wa injini unashuka, gari linapita polepole, ndipo naendelea kunywa chai yangu.