Viwanja Viliisha Britannia

Sisi wapima ardhi tuna ugonjwa wetu: mtu akituonyesha mji, hata ulio ndani ya kompyuta, tunauliza kwanza viwanja viligawiwaje. Vijana ninaofanya nao kazi husifu miji ya mtandaoni kana kwamba imezuka juzi. Mimi huwarudisha Marekani ya 1986, enzi za kompyuta ya Commodore 64 na modemu iliyopita kwenye laini ya simu.

Mwaka huo Lucasfilm Games, kampuni ya mtengeneza filamu George Lucas, ilianza majaribio ya Habitat, mji wa kwenye kompyuta, kupitia huduma ya mtandao ya Quantum Link. Wabunifu wake wakuu, Chip Morningstar na Randy Farmer, waligawa bila longolongo: kila mkazi mpya alipata nyumba, tokeni 2,000, na nyingine 100 kila siku aliyoingia. Nyumba hazikugombewa. Kilichowatoa jasho ni fedha. Mashine moja iliuza mwanasesere kwa tokeni 75. Mashine ya rehani, upande wa pili wa mji, ilimnunua kwa 100. Wakazi wachache wakaliona hilo. Wakabeba wanasesere kwa saa nyingi, nenda rudi, hadi wakapata mtaji wa tufe la kioo, lililouzwa 18,000 na kununuliwa rehani kwa 30,000. Asubuhi ripoti ikaonyesha fedha za mji mzima zimekuwa mara tano. Walipoulizwa, wakajibu wamezipata kihalali. Na kweli, bei hawakuzipanga wao. Baadaye walizitumia kudhamini mashindano ya kusaka hazina.

Lakini kwa mtu wa fani yangu, kisa chenyewe ni Ultima Online, gemu iliyofunguliwa na Origin Systems Septemba 1997. Katika nchi yake ya Britannia hukugawiwa nyumba. Ulikusanya dhahabu, ukanunua hati ya nyumba, ukaitia begini, ukaingia porini kutafuta mahali tambarare. Mti ukikaa vibaya, au jirani akiwa karibu mno, nyumba inakataa kusimama. Hakuna bikoni, hakuna mchoro wa mipango miji. Mengine sikuhitaji kusimuliwa: nyumba zilibanana kila palipokuwa na upenyo, na aliyechelewa alizunguka na hati yake begini akikosa pa kuiweka. Wengine wakahamia eBay, wakauziana majumba ya kwenye skrini kwa dola halisi.

Mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo wenyewe ni kitu cha begini kama upanga au mkate. Kibaka akikuchomolea, akajua unapoishi, anafungua na kukomba kila kitu.

Halafu kulikuwa na kuchakaa. Nyumba isiyotembelewa na mwenyewe ilizeeka hatua kwa hatua, na kibao chake kilimweleza kila mpita njia imefikia wapi. Ikikaribia kuanguka, watu walijazana: huyu anasubiri vyombo vimwagike chini, yule ameshika hati yake anangoja kiwanja. Wakiwa wanangoja, waliuana. Nimewahi kuamua mipaka kati ya ndugu wa tumbo moja, hilo halikunishangaza.

Mwaka 2000 Origin waliongeza ardhi kwa njia ambayo mkurugenzi yeyote wa halmashauri angeionea wivu: walinakili nchi nzima. Nakala iliitwa Trammel, na humo mtu hakuweza kukuua bila ridhaa yako. Nchi ya awali ikabaki na jina la Felucca pamoja na wauaji wake. Watu wakakimbilia Trammel kujenga.

Baadaye ikaja sheria ya nyumba moja kwa akaunti moja. Waliotaka majumba mengi walifungua akaunti nyingi, kila moja ikilipiwa kwa mwezi. Gemu ilipoanza, ada ilikuwa dola 9.95. Kodi ya ardhi inayolipwa kwa hiari namna hiyo, tena kabla ya siku yake, sijaiona katika wilaya yoyote niliyopima.