Saikolojia na Teolojia: Somo la Lutindi

Wanafunzi wangu wanaosali katika makanisa ya hapa Sakina huniuliza mara kwa mara: je, Mkristo anayekwenda kwa mwanasaikolojia amepungukiwa imani? Huwajibu kwa historia, kwa kuwa swali hilo lilikwisha kujibiwa kwa vitendo katika milima ya Usambara zaidi ya karne moja iliyopita.

Mwaka 1896 Waprotestanti wa Kijerumani walianzisha Lutindi, makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yalianza kupokea wagonjwa wa akili, na hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Serikali ya Mwingereza ilijenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Kanisa, basi, lilitangulia.

Hata hivyo tusilitukuze kupita kiasi. Klopromazini, dawa iliyobadili tiba ya maradhi makali ya akili, ilianza kutumika kwa wagonjwa hao nchini Ufaransa mwaka 1952 tu. Kabla ya hapo, kazi za shamba, chakula na sala vilimhifadhi mgonjwa na kumrudishia utu wake, lakini mara nyingi havikutosha kumwondolea maradhi. Huruma ilihitaji maarifa.

Huko Marekani, mchungaji Anton Boisen alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1920. Baada ya kupona, mwaka 1925, alianza kuwafundisha wanafunzi wa teolojia wodini, Worcester, akiwataka wamsome mgonjwa kwa makini kama wanavyosoma vitabu. Mafunzo ya namna hiyo yamefika hadi KCMC, Moshi.

Wodini ndipo taaluma hizi mbili hufaana. Saikolojia humfundisha mchungaji kutofautisha ugonjwa na pepo, uchovu na dhambi. Nabii Eliya alipoomba kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi na mkate. Mazungumzo yalifuata baadaye. Teolojia nayo humkumbusha mwanasaikolojia kwamba si kila hisia ya hatia ni dalili ya ugonjwa. Mtu aliyemdhulumu mdogo wake shamba la urithi katika miteremko ya Meru hahitaji kutulizwa tu. Anahitaji kutubu na kulirudisha.

Kuzitenganisha kuna gharama, na anayeilipa ni mgonjwa. Anayeachishwa dawa kwa sababu ameombewa huweza kurudi wodini akiwa na hali mbaya kuliko ya awali, au asirudi kabisa.

Kwa hiyo nawaomba maofisa ustawi wa jamii wawafahamu wachungaji wa kata zao, maana familia nyingi hubisha hodi kanisani kabla ya kufika hospitalini. Nao wachungaji, wakishamaliza kumwombea mgonjwa, wamuulize: "Dawa umekunywa leo?" Swali hilo halipunguzi imani ya yeyote. Ni mwendelezo wa kazi iliyoanzishwa Lutindi.