Kadi Nzee na Kadi Yenye Siri

Anayetafuta draiva ya kadi ya michoro ya kompyuta kuukuu huambiwa upesi kwamba mashine imezeeka. Umri ni sababu ndogo. Mwaka 1987 IBM ilitoa VGA, yenye nukta 640 kwa 480 na rangi 16, na kwa kuwa viwanda vingine viliiga utaratibu huo karibu wote, programu moja iliweza kuchora kwenye mashine za watengenezaji wengi. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, kila kiwanda kilipoongeza uwezo wake juu ya VGA kwa njia yake. Kanuni za pamoja za VESA, shirika la viwango vya michoro, zilitosha kuonyesha picha kwenye skrini, si kuendesha michezo ya 3D. Tangu hapo, uhai wa kadi ukategemea nani anajua inavyofanya kazi.

Tazama mfano huu. Radeon za kwanza za ATI zilitoka mwaka 2000. Waandishi wa draiva za Linux walipata maelezo ya chipu hizo, wakaandika msimbo wa wazi, na Mesa, mradi wa draiva za wazi za michoro, ukaubeba mpaka mwaka 2022, ulipohamishiwa kwenye tawi la pembeni liitwalo Amber. Mwaka 2008 Intel ilitoa GMA 500 kwa kompyuta ndogo za mkononi. Sehemu yake ya michoro ilitoka kwa Imagination Technologies, na siri zake hazikuwa za Intel kuzitoa. Draiva ya wazi iliyoingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2011 huonyesha picha tu. Kazi ya 3D haiiwezi. Chipu changa kwa miaka minane ikawa na hali mbaya kuliko mkubwa wake. Hapo hoja ya uzee inaishia wapi?

Watengenezaji hujitetea kwamba wakifungua siri washindani watawaibia. Hofu hiyo ina msingi, hasa pale teknolojia ni ya kukodi, lakini AMD, baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, ilianza mwaka uliofuata kutoa nyaraka za chipu zake, na bado inauza kadi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uwazi bila watu haufai kitu. Kampuni ya 3dfx, iliyotamba kwa kadi za Voodoo tangu 1996, ilifungua msimbo wa Glide, maktaba yake ya michoro, mwaka 1999, ikaporomoka na mali zake kwenda kwa NVIDIA; mwaka 2012 Mesa 8.0 iliitupa draiva ya kadi hizo kwa kukosa walezi. Ni kweli. Hata hivyo kadi zile zilihudumiwa zaidi ya miaka kumi baada ya kampuni kuanguka, na msimbo upo kwa yeyote atakayetaka kuufufua. Draiva iliyofungwa haina nafasi hiyo: kiini cha mfumo kikibadilika, imekwisha.

Kwa hiyo anayenunua kompyuta kuukuu asiulize mwaka wake kwanza. Aulize chipu ni ya nani, na asiridhike na nembo. GMA 500 hujitambulisha kwa namba ya mtengenezaji 8086, ambayo ni ya Intel. Ni namba ya pili, 8108, ya chipu yenyewe, inayoonyesha kwamba hii si Intel ya kawaida.