MGB: bei chee kwa sababu ya bampa
Zamani Mmarekani aliyetaka gari la kizamani alisubiri jarida la Hemmings, lililoanza 1954, lifike kwa posta. Siku hizi anaperuzi simuni tu, na MGB za bei chee anazikuta.

Gari hili la Uingereza lilitengenezwa 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000, kwa hiyo spea kibao. Ila mwaka 1974, kutimiza sheria za Marekani, kiwanda kikaondoa bampa za kromu, kikaweka nyeusi nene na kuliinua gari. Wapenzi wakanuna! Ndiyo maana za bampa nyeusi ni rahisi mpaka leo.

Kasheshe ni kutu. Wapo waliolipia picha inayong'aa, wakapokea gari lililoliwa chini ya milango. Tangazo likikosa picha ya hapo, iombwe kabla ya kutuma hela.