Kinga ya mwili baada ya jeraha la ubongo

Jeraha la ubongo litokanalo na kishindo, liwe la kuanguka, la kupigwa au la ajali ya pikipiki, humtishia mgonjwa mara mbili. Tishio la kwanza ni la dakika na saa: damu huvujia ndani ya fuvu, ubongo huvimba, na shinikizo hupanda hadi damu mpya ishindwe kuufikia. Tishio la pili huja ndugu walipokwisha kuanza kushusha pumzi, siku ya tatu au ya nne hivi. Homa hupanda, makohozi hugeuka usaha, na picha ya kifua huonesha weupe pasipostahili. Kwa wenye majeraha makubwa, yaani wanaopata alama 8 au pungufu katika kipimo cha Glasgow walichokitunga Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, nimonia ya kwenye mashine ya kupumulia ni jambo la kawaida kabisa. Desturi imekuwa kuihesabu nimonia hiyo kama balaa la wodini, matokeo ya mipira na vitanda. Makala haya yanashikilia kwamba hesabu hiyo ina upungufu. Ubongo ulioumia huishusha kinga ya mwili wenyewe, na kwa hiyo maambukizi ni sehemu ya ugonjwa kama ulivyo uvimbe ndani ya fuvu.

Dai hili lingeonekana la ajabu zamani, kwa kuwa ubongo ulidhaniwa kuishi mbali na shughuli za kinga. Mwaka 1948 Peter Medawar aliripoti huko Uingereza kwamba ngozi ya sungura mmoja ikipandikizwa ndani ya ubongo wa mwingine huweza kudumu, ilhali mahali pengine mwilini hukataliwa upesi. Waliofuata waliikumbuka sehemu hiyo ya habari, wakaisahau nyingine: sungura ambaye kinga yake ilikuwa imekwisha kuijua ngozi ya aina ile aliikataa hata humo ubongoni. Njia ilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 2015 timu mbili, kila moja kivyake, zilieleza mishipa ya limfu katika utando unaofunika ubongo wa panya, na dhana ya ubongo kuwa kisiwa ikakosa pa kusimama.

Kinachotokea baada ya kishindo ni mambo mawili yanayokinzana kwa wakati mmoja. Ndani ya fuvu unawaka moto. Chembe zilizopasuka humwaga vitu ambavyo kwa kawaida havitoki nje ya chembe. Maikroglia, walinzi wa ubongo waliopewa jina hilo na Pío del Río Hortega mwaka 1919, huamka na kutoa sitokini, kemikali za mawasiliano ya kinga. Chembe za kinga za damu hufuata: nyutrofili hufika kwanza, kisha monositi. Nje ya fuvu, moto huo huo unazimwa. Haipothalamasi huiagiza pituitari, pituitari huziagiza tezi zilizo juu ya figo, na kotisoli hujaa katika damu. Mfumo wa neva wa simpathetiki humwaga adrenalini na noradrenalini. Neva ya vagasi nayo ina sauti yake: kundi la Kevin Tracey nchini Marekani lilionesha mwaka 2000 kwamba kuichochea kwa umeme hupunguza sitokini za panya waliopewa sumu ya bakteria. Matokeo ya amri hizi hupimika katika damu ya mgonjwa. Limfositi hupungua, interleukini-10, ambayo kazi yake ni kutuliza, hupanda, na monositi hupoteza molekuli ya HLA-DR wanayoitumia kuwaonesha limfositi sura ya adui. Mlinzi bado yupo langoni, ila hana wa kumwita.

Ushahidi wenye uzito kwamba amri hutoka ubongoni ulianzia Berlin. Mwaka 1998 Christian Woiciechowsky na wenzake walieleza wagonjwa wa ubongo ambao mfumo wao wa simpathetiki ulichachamaa: interleukini-10 ilipanda katika damu yao, na maambukizi yakawaandama. Kwa panya, kuwapa homoni za mfumo huo kulitosha kuipandisha interleukini-10, na dawa ya propranololi, inayozuia kazi ya homoni hizo, ikakomesha hilo. Miaka 5 baadaye Konstantin Prass na wenzake katika jiji hilo hilo waliwasababishia panya kiharusi, na ndani ya siku chache wanyama wakapata nimonia na bakteria katika damu bila kuambukizwa na mtu. Propranololi iliwaokoa wengi. Mwaka 2006 walikuja na tarakimu ambayo ndiyo kiini cha hoja yote. Panya wenye kiharusi walipata nimonia kali kwa bakteria 200 tu za nimokokasi zilizotiwa puani. Panya wasio na kiharusi walihitaji 200,000 ili waugue hivyo. Kiharusi si ajali, na panya si mtu, lakini amri zinapita katika neva na tezi zile zile, na tofauti ya mara elfu moja haipuuziki.

Pingamizi la kwanza ni la wauguzi na madaktari wa wagonjwa mahututi, nalo lina haki yake. Mtu asiye na fahamu hawezi kukohoa. Hupaliwa na mate au matapishi, pengine akiwa bado kando ya barabara. Kisha huwekewa mpira kooni na bakteria huteleza kando yake kama maji kwenye mfereji. Bakteria wa siku za mwanzo ni wale wale wa koo na pua: Staphylococcus aureus, Haemophilus influenzae, nimokokasi. Kwa nini basi tuitafute sababu nyingine? Kwa sababu kupaliwa peke yake hakuelezi. Watu wazima wenye afya huvuta mate kidogo mapafuni wakiwa usingizini, na asubuhi huamka salama. Kinachoamua ni kiasi gani kifua kinaweza kukifagia, na panya wa Berlin, ambao hawakuwekewa mpira wowote, wanaonesha kwamba kiasi hicho hushuka mno. Mlango wazi na mlinzi asiye na nguvu havishindani; kila kimoja hukikuza kingine. Ni kweli pia kwamba aliyevunjika paja bila kuumia kichwa hupungukiwa kinga. Lakini habari za maumivu na upotevu wa damu hupitia kwenye haipothalamasi ile ile. Aliyeumia ubongo amejeruhiwa katika chumba chenyewe cha amri.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ikiwa kotisoli ni mmoja wa wazimaji, kuiongeza kungezidisha nimonia. Nchini Ufaransa majeruhi 150 wa ajali kubwa waliingizwa katika jaribio la HYPOLYTE, lililochapishwa mwaka 2011, na waliopewa haidrokotisoni, yaani kotisoli kama dawa, walipata nimonia kidogo kuliko wenzao. Wenye haraka wangefunga mjadala hapo. Lakini jaribio lililofuata, la majeruhi wa ubongo 336, lilichapishwa mwaka 2014 na halikupata tofauti ya kutegemewa. Maelezo yanayopatana na yote mawili ni kwamba ubongo ulioumia wakati mwingine hushindwa kuiagiza kotisoli ya kutosha. Bila hiyo, moto wa kinga usiodhibitiwa huharibu mapafu, na kuirudisha homoni katika kiwango chake si sawa na kuuzamisha mwili ndani yake. Dozi kubwa ni habari nyingine. Jaribio la CRASH la mwaka 2004, lenye wagonjwa 10,008, lilipata kwamba waliopewa methilprednisoloni nyingi walikufa zaidi ndani ya wiki mbili: asilimia 21.1 dhidi ya 17.9. Ningependa kuitumia tarakimu hiyo kwa faida ya hoja hii, lakini jaribio lile halikuonesha kwamba maambukizi ndiyo yaliyoua.

Kwa nini mwili ujivue ngao saa ya vita? Jibu linalovutia ni kwamba kuna mapatano. Kizuizi kati ya damu na ubongo kikipasuka, limfositi hukutana na protini ambazo hazikuwahi kuzizoea, na huweza kuzigeukia kama adui. Kuwatuliza huenda kunaulinda ubongo, na nimonia ndiyo bei yake. Wazo hili bado linasubiri uthibitisho kwa binadamu, lakini linatosha kumfanya mtu asite kabla ya kuichochea kinga kwa dawa. Njia ya tahadhari ni kupunguza bakteria katika siku zile chache kinga ilipolala. Mwaka 2024 Claire Dahyot-Fizelier na wenzake nchini Ufaransa walieleza jaribio la dozi moja tu ya seftriaksoni, gramu 2, mara baada ya mgonjwa wa ubongo kuwekewa mpira wa kupumulia: nimonia ya mapema ilishuka kutoka asilimia 32 hadi 14. Kwa wagonjwa wa kiharusi wasio kwenye mashine ya kupumulia, majaribio makubwa ya antibiotiki za kujikinga nchini Uholanzi na Uingereza hayakuwaboreshea hali zao, na tofauti hiyo inafundisha: dawa husaidia pale ambapo mlango uko wazi na kinga imelala kwa pamoja. Hofu ya usugu wa bakteria ni ya haki, hasa Afrika Mashariki, ambako majeruhi wa bodaboda ni wengi na seftriaksoni hutumika kwa karibu kila homa. Lakini dozi moja haifanani na ya wiki mbili. Kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 na kuusafisha mdomo wa mgonjwa havina ubishi.

Fuvu likivunjika kwenye sakafu yake na majimaji ya ubongo yakavuja puani au sikioni, njia ya nimokokasi huwa fupi, na homa ya uti wa mgongo huweza kuja hata miaka baadaye. Hilo ni suala la tundu zaidi kuliko la kinga, na dawa yake ni kuziba na kuchanja. Lakini muda mrefu una fumbo lake. Maikroglia waliochachamaa wameonekana katika ubongo wa watu zaidi ya miaka 10 tangu waumie. Nchini Marekani, Cynthia Harrison-Felix na wenzake waliwafuatilia watu waliopata tiba ya kurejesha uwezo na kuishi zaidi ya mwaka mmoja baada ya jeraha. Wakilinganishwa na watu wa rika lao, walikufa kwa maambukizi ya damu mara 12 zaidi, na kwa nimonia mara 4 zaidi. Kupaliwa, kulala kitandani na mpira wa mkojo vinaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Hakuna kati ya hivyo kinachopimwa kwa HLA-DR, na baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani ni nadra HLA-DR yenyewe kupimwa tena.