Ukuta Ndani ya Moyo

Donald Teare alikuwa daktari wa maiti. Kazi yake jijini London ilikuwa kuchunguza miili ya watu waliokufa ghafla au kwa utata, kisha kuieleza mahakama kilichowaua. Wapenzi wa muziki huenda mmeshapishana na jina lake bila kujua: ndiye aliyeufanyia uchunguzi mwili wa Jimi Hendrix mwaka 1970. Mimi nililikuta kwingine, kwenye makala yake ya mwaka 1958 katika British Heart Journal, kuhusu kikundi kidogo cha vijana ambao karibu wote walikufa ghafla.

Alichokikuta ndani ya vifua vyao ni ukuta. Kila moyo una ukuta wa nyama unaotenganisha chemba mbili kubwa za chini, na kwa mtu mzima mwenye afya unene wake ni kama sentimita moja hivi. Kwa vijana wale ulikuwa umevimba upande mmoja bila mpangilio, na Teare alidhani anatazama aina fulani ya uvimbe. Mwaka 1960 yeye na wenzake wakaandika habari za familia moja yenye ugonjwa huohuo, na hapo ikawa wazi kwamba jambo hili linatembea kwenye damu ya ukoo.

Lakini ona shida yake. Daktari wa maiti husoma kitabu kikiwa kimeshafungwa. Anauona ukuta, haoni ukuta ule ulimfanyia nini mwenye moyo alipokuwa akipanda ngazi.

Wapasuaji nao walikuwa na kizungumkuti chao. Katika miaka hiyohiyo Russell Brock, mpasuaji wa Guy's Hospital, London, alimfungua mgonjwa aliyeonyesha dalili zote za vali iliyoziba kwenye mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Presha ndani ya chemba ilikuwa juu, nje ilikuwa chini. Akafungua: vali nzima, njia haina kizuizi. Kule Bethesda, Marekani, mpasuaji Glenn Morrow alikutana na jambo lilelile. Hebu fikiria, msomaji, uko mbele ya kifua kilicho wazi, vipimo vinasema kuna kizuizi, na kidole chako hakikioni!

Jibu, lililochukua miaka kueleweka, ni kwamba kizuizi kile si kitu, ni tendo. Hutokea moyo unapokaza, kisha hutoweka. Ukiusimamisha moyo ili uutazame vizuri, umeshakifuta kile unachokitafuta. Ndiyo maana naona ugonjwa huu usingeweza kueleweka kwa kisu peke yake, kiwe cha mpasuaji au cha mochwari. Ulihitaji jicho linaloweza kutazama moyo ukiwa kazini, kifua kikiwa kimefungwa.

Jicho hilo lilitoka kwenye karakana ya meli. Inge Edler, daktari wa moyo wa Lund, Uswidi, alitaka njia ya kuijua hali ya vali kabla ya kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji. Akamwendea mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz. Jina mnalijua: Heinrich Hertz, yule anayetajwa kila mtangazaji wa redio anaposema megahezi, alikuwa ndugu wa babu yake. Hertz alijua kwamba karakana ya Kockums mjini Malmö ilikuwa na mashine ya kupeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma ili kutafuta nyufa. Wakaiazima kwa mwisho wa wiki. Hertz akaiweka kifuani pake mwenyewe, na kwenye kioo akaona mwangwi ukicheza kwa kufuata mapigo ya moyo wake. Baadaye kampuni ya Siemens ikawaazima mashine nyingine, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakarekodi mwangwi wa moyo kwa mara ya kwanza.

Usidhani waliona picha kama tunazoziona leo. Walichopata ni mistari inayopanda na kushuka, kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, na kwanza walipaswa kujua kila mstari unatoka kwa nani. Edler alifuata njia ya mwangwi hadi kwenye miili ya waliokufa, akipitisha sindano ndefu kifuani kwa mwelekeo uleule wa mawimbi, aone imegusa nini. Mstari aliodhani ni wa ukuta wa nyuma ukagundulika kuwa wa mlango wa vali. Yaani mochwari ndiyo iliyofundisha sauti kusoma, na mimi napenda sana kwamba mambo yalikwenda hivyo.

Mwaka 1969, Pravin Shah na wenzake wa Rochester, jimbo la New York, wakalenga mawimbi hayo kwenye mioyo yenye ukuta mnene. Hapo kile kitendo kikanaswa. Vali iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto ina milango miwili, na moyo unapokaza milango hiyo inatakiwa ijifunge itulie. Kwa wagonjwa hawa mlango wa mbele ulivutwa kuelekea ukuta, ukaugusa, ukabana njia ya damu, kisha ukarudi. Yote ndani ya pigo moja. Kidole cha Brock kingewezaje?

Mwaka 1973 watafiti wa Bethesda wakatumia mwangwi kupima ukuta huo wenyewe, wakaulinganisha na ukuta wa nyuma: ukizidi mara 1.3, shaka inaingia. Waliwapima hata ndugu wa wagonjwa, watu wasioumwa popote. Kisha Wanorwe, Liv Hatle wa Trondheim akiwa mstari wa mbele, wakaonyesha kwamba kasi ya damu inaweza kugeuzwa kuwa tofauti ya presha: chukua kasi kwa mita kwa sekunde, ijizidishe yenyewe, kisha zidisha kwa 4. Damu ikipita kwa mita 4, tofauti ni milimita 64 za zebaki. Hakuna sindano wala mpira wa kupenyezwa kwenye mshipa.

Leo mgonjwa analala kwa ubavu wa kushoto, anapakwa jeli ya baridi, anaambiwa abane pumzi na kujikamua, kwa sababu kizuizi kingine hujificha mpaka moyo usumbuliwe. Milimita 15 za unene kwa mtu mzima, bila sababu nyingine, na jina la ugonjwa linatajwa. Kwa ndugu wa mgonjwa zinatosha 13. Zikifika 30, hofu ya kifo cha ghafla inapanda. Tofauti ya presha ya 30 ni kizuizi; ya 50, kwa mtu ambaye dawa hazimsaidii, huanzisha mazungumzo ya kupunguza nyama ya ukuta, upasuaji unaobeba jina la Morrow.

Namba hizi zinatulia kwenye karatasi kuliko kwenye maisha. Presha ya kupanda nayo hunenepesha moyo, na wengi wetu tuna mzazi mwenye presha. Mazoezi mazito nayo hunenepesha. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alikuwa na miaka 28, mchezaji wa kulipwa, alipoanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72 dhidi ya Kolombia. Uchunguzi wa pili wa mwili wake ndio uliotaja ugonjwa huu. Miaka 50 baada ya Lund, jibu lilikuwa bado linatoka kwa daktari wa maiti.

Morrow mwenyewe alikuwa nao. Mtu aliyefungua vifua vya wengine kwa sababu ya ukuta huu alikuwa na wake kifuani, na ndio uliomuua mwaka 1982.

Mgonjwa mmoja akigunduliwa, wazazi wake, ndugu zake na watoto wake huitwa mmoja mmoja kwenye kile kitanda cha jeli. Kwa mtoto, kipimo safi cha leo si hati ya kudumu, kwani ukuta unaweza kunenepa akibalehe. Anaambiwa moyo wake uko sawa, avae shati, arudi baada ya mwaka mmoja au miwili.