Kiporo cha Krismasi

Kamusi inasema kiporo ni chakula kilicholala. Ni kweli, lakini mashabiki wa soka wa Tanzania wamelifikisha neno hili mbali zaidi. Simba na Yanga zikienda kwenye mashindano ya Afrika, mechi zao za ligi husogezwa mbele, na hakuna anayesoma msimamo wa ligi bila kuuliza nani ana viporo vingapi. Kiporo hapo si masalio. Ni haki ya timu ambayo siku yake haijafika.

Maana hii ya pili naiona ndiyo inayowafaa watu wanaoshinda kazini tarehe 25 Desemba: muuguzi, askari, mlinzi, mpishi wa hoteli, dereva wa basi. Tumezoea kusema kwamba hao wamekosa sikukuu. Mimi sikubali. Walichokosa ni mapumziko, na mapumziko si sikukuu, kama ambavyo likizo si mapumziko ya siku moja. Sikukuu ni siku yenyewe, na ukubwa wake haupungui kwa kuwa mtu amevaa sare. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inautambua ukubwa huo: afanyaye kazi siku hiyo hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Naye mlinzi akikesha getini usiku wa tarehe 24, yumo katika mkesha sawa na waumini walio kanisani. Kitenzi chao ni kimoja, kukesha. Zamu vilevile ni ulinzi, na ni nafasi ya mtu katika mzunguko. Leo yangu, kesho yako.

Nyumbani, chakula kikishaiva, mama husema, “Baba amewekewa.” Wanasarufi huiita kauli ya kutendewa. Baba hayupo, yuko lindoni, hajagusa hata mwiko; lakini sentensi inaanza naye, ndiye kiima. Na anachowekewa si makombo. Bakuli lake hupakuliwa mapema, kabla wageni hawajanawa: pilau ya katikati ya sufuria, mnofu, kiazi kilichokunywa mchuzi. Kachumbari huwekwa kando, maana ikilala juu ya wali hutoa maji na kuuharibu. Asubuhi pilau hunyunyiziwa maji kidogo, hufunikwa, huachwa kwenye moto mdogo. Mafuta yaliyoganda huyeyuka, punje huachana, na harufu ya karafuu, hiliki na bizari hutoka upya mfuniko unapoinuliwa. Viungo vimepata usiku mzima wa kuingia kwenye nyama. Kwa ulimi wangu, pilau hiyo na chai ya rangi inaishinda ile ya jana iliyoliwa kwa haraka katikati ya wageni.

Milimani Kilimanjaro neno la msimu ni jingine. Desemba ikifika, mabasi hujaa kupitia Chalinze, Korogwe na Same, na Watanzania husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Lilianza kama utani wa makabila, lakini limeangukia mahali pake hasa, kwani katika Injili ya Luka, Yusufu na Mariamu nao walipanda kwenda Bethlehemu kwa amri ya Kaisari Augusto kwamba watu waandikwe, kila mtu mjini kwao. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, hesabu hiyo inaonekana kwenye nyama. Mbuzi akichinjwa, supu ya kisusio ikipikwa na pombe ya mbege ikiletwa, mafungu hugawanywa kwa kufuata ukoo, na mtu hujua nafasi yake kwa kipande anachokabidhiwa. Aliyebaki Dar es Salaam kwa ajili ya zamu naye ana fungu. Huletewa na mwenye kurudi mjini, pamoja na ndizi mshare na dumu la mbege.

Linabaki tatizo la jina la tarehe 26, siku ya kula kiporo hicho. Kenya na Tanzania siku hiyo ni ya mapumziko, na tunaiita Boxing Day, jina ambalo wengi hulieleza kuwa ni siku ya kufungua zawadi. Huko Uingereza, yaelezwa, lilitokana na watumishi wa majumbani: siku ya Krismasi waliwahudumia mabwana zao, kesho yake wakapewa ruhusa ya kwenda kwao na sanduku la zawadi. Bunge liliifanya sikukuu ya benki mwaka 1871. Asili hiyo ni nzuri, kwa kuwa ni siku ya aliyekuwa kazini, ila kwetu jina lenyewe halibebi habari hiyo hata kidogo.

Wajerumani, ambao wamisionari wao wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, huiita siku ya pili ya Krismasi. Nasi tuna mfano wa kwetu uliokomaa zaidi: Idi Mosi na Idi Pili. Kila Mswahili anaelewa kwamba asiyekula Idi Mosi atakula Idi Pili, na hakuna anayemhesabu kuwa amechelewa. Basi tarehe 26 na iitwe Krismasi Pili, jina lisilohitaji kamati ya istilahi wala maelezo. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku akiulizwa na mwenzake atakula lini, ana jibu tayari, na bakuli lake lina jina. Ningependa kuliona kwenye kalenda za ukutani za mwakani.